Simu za reli: Uingereza ilivyohama mitambo ya kale, na nani alivuna faida

Mkulima wa Uingereza ambaye shamba lake limekatwa na njia ya reli ana kazi moja ambayo majirani zake hawana. Kabla ya kuvusha ng'ombe kwenda malishoni ng'ambo ya pili, au kupitisha trekta lenye tela la viazi, humlazimu kusimama getini, kufungua kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo, kunyanyua simu na kumuuliza mwongoza treni kama njia ni salama. Akiambiwa asubiri, anasubiri. Akiambiwa avuke, anavuka, na akiagizwa hivyo hupiga tena kueleza kuwa yeye, mifugo na chombo chake wote wameshatoka relini.

Kwa kawaida simu hiyo haitumiki kumpigia mtu mwingine yeyote. Ukiinyanyua inaita mahali pamoja tu, kwenye meza ya mtu anayeongoza treni za eneo hilo. Naye, kwa kuangalia taa au kioo kilicho mbele yake, anajua wito unatoka kwenye kivuko gani hata kabla mkulima hajataja jina la shamba.

Nyuma ya kisanduku hicho kulikuwa na mtandao mzima wa simu uliomilikiwa na shirika la reli lenyewe, British Rail, ambao ulikuwa miongoni mwa mitandao binafsi mikubwa kabisa nchini humo. Katika miaka ya 1980 na 1990 mtandao huo ulihamishwa kutoka kwenye mitambo ya kale iliyofanya kazi kwa meno na vyuma hadi kwenye mitambo ya kidijitali. Kisa cha uhamaji huo kina mafunzo kwa kila mwenye biashara anayefikiria kubadili nyenzo zake za kazi, na pia kwa kila anayesafirisha mazao kwa treni.

Kwa nini reli iwe na simu zake

Reli ndiyo iliyokuwa mteja wa kwanza mkubwa wa mawasiliano ya umeme. Mwaka 1839 kampuni ya reli ya Great Western ilikuwa tayari na waya wa telegrafu kati ya Paddington, jijini London, na West Drayton, kazi ya mafundi Cooke na Wheatstone. Wakati huo simu ya kuzungumza ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Gari likikutana na jingine barabarani, dereva anakata usukani. Treni haina pa kukwepea, na yenye mzigo mzito huhitaji masafa marefu hadi isimame. Kwa hiyo kanuni kuu ya reli ni kwamba treni mbili zisiwe kwenye kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Ili kanuni hiyo itimie, mtu wa kituo hiki lazima amuulize wa kituo kile kama njia ni nyeupe, na lazima apate jibu. Jibu lisipokuja, treni haiondoki. Mzigo wa nyanya au wa ng'ombe unabaki pale pale hadi mawasiliano yapatikane.

Hapo awali vituo vingi vilitundikwa kwenye waya mmoja. Kila kituo kilikuwa na mlio wake, mathalani mrefu mmoja na mifupi miwili, na anayeitwa alitambua mlio huo na kunyanyua simu. Wengine nao waliweza kunyanyua na kusikiliza, hivyo habari za watu hazikufichika kwenye njia hiyo.

Mtambo uliobuniwa na mzika maiti

Shirika lilipokua, ofisi zake, karakana, bohari na vituo vilihitaji kupigiana bila kupitia kwa mwendeshaji wa swichibodi. Mtambo uliotumika kwa miongo mingi ni ule uitwao Strowger, kwa jina la mvumbuzi wake, Almon Strowger.

Strowger hakuwa mhandisi. Alikuwa mfanyabiashara wa huduma za mazishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Inasimuliwa kwamba alishuku wateja wake wanapotea kwa sababu mwendeshaji wa swichibodi ya mji, aliyekuwa na uhusiano na mshindani wake, alikuwa akielekeza simu za wafiwa kwa huyo mshindani. Kwa uchungu wa biashara akabuni mtambo usiohitaji mwendeshaji. Alipata hataza mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kazi mjini La Porte, jimbo la Indiana.

Utendaji wake ni huu. Mpigaji anapozungusha namba kwenye simu yake, waya unakatwa na kuungwa kwa haraka mara nyingi kadiri ya namba ile. Akizungusha 6, mapigo sita yanafika mtamboni. Huko kuna mkono wa chuma ambao unapanda ngazi sita. Kisha unazunguka kutafuta njia iliyo wazi, au unangoja namba inayofuata. Mkono mmoja una ngazi kumi, na kila ngazi ina sehemu kumi za kugusa, yaani njia 100 kwa jumla. Chumba chenye mamia ya mikono hiyo kilikuwa na kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, hasa asubuhi ofisi zinapofunguliwa.

Mtambo huo ulikuwa na sifa njema. Fundi aliweza kuuona ukifanya kazi, na mkono ulionasa aliweza kuutambua na kuurekebisha. Ulitumia umeme wa betri, hivyo umeme wa mtaani ukikatika simu ziliendelea kuita. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Kila mahali pa kugusa palihitaji kusafishwa, kila mhimili kupakwa mafuta, na mafundi walihitajika wakati wote. Mtambo ulijaza vyumba vikubwa ambavyo vingeweza kutumika kwa kazi nyingine. Aidha, vipuri vilizidi kuadimika kadiri viwanda vilivyohamia kwenye teknolojia mpya.

Tatizo jingine lilimgusa mtumiaji moja kwa moja. Katika mtandao wa aina hiyo, namba unazozungusha ndizo zinazokata njia, kituo kwa kituo. Kwa hiyo namba za kufikia ofisi moja zilitegemea mahali ulipo. Mtu wa kaskazini alizungusha namba hizi, wa magharibi nyingine, ingawa wote walimtafuta mtu yule yule. Kitabu cha namba za simu kilikuwa nyenzo muhimu kama ratiba ya treni.

Dijitali ilileta nini

Mtambo wa kidijitali hauna mkono unaopanda ngazi. Sauti ya msemaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu nane za sifuri na moja. Mazungumzo ya mtu mmoja yanakuwa mkondo wa tarakimu 64,000 kwa sekunde. Mikondo 30 ya namna hiyo huweza kusafirishwa pamoja kwenye njia moja bila kuchanganyika, kila mmoja ukipewa zamu yake.

Faida zake zilionekana mapema. Mtambo uliojaza ukumbi sasa ulitosha kwenye kabati. Mfanyakazi akihamia jengo jingine, namba yake ilihamishwa kwa maagizo ya kompyuta badala ya fundi kuvuta waya. Ofisi ikapewa namba moja inayopigwa vile vile kutoka pembe yoyote ya nchi. Simu ya masafa marefu haikufifia, kwa kuwa tarakimu hurudishiwa nguvu njiani bila kukusanya mikwaruzo kama ilivyokuwa kwa waya wa analojia.

Wakati huo huo shaba ilianza kuachia nafasi nyuzi za kioo, ambazo wengi huziita faiba. Unywele mmoja wa kioo ulibeba mazungumzo ambayo awali yangehitaji kebo nene ya shaba. Vilevile kioo hakisumbuliwi na umeme mkubwa unaopita juu ya njia za treni za umeme, na mwizi wa shaba hapati cha kuuza ndani yake.

Mtandao wa simu za umma nchini humo nao ulikuwa katika safari hiyo hiyo. Mtambo wa mwisho wa Strowger wa kampuni ya BT ulizimwa mwaka 1995 huko Crawford, Scotland.

Usiache mbachao

Kununua mtambo mpya ni hatua moja. Kuhama bila kusimamisha treni ni jambo jingine. Duka linaweza kufungwa siku mbili kwa ukarabati, lakini reli inayobeba abiria na mizigo usiku na mchana haiwezi kunyamaza hata saa moja.

Kwa hiyo katika kazi za namna hii mtambo mpya husimikwa kando ya ule wa zamani, huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Kila waya unaunganishwa pande zote mbili, na vipande vidogo vya kuhami umeme huwekwa ili upande mpya usianze kabla ya wakati wake. Kila simu hujaribiwa, kila namba huandikwa. Ikifika saa iliyopangwa, kwa kawaida usiku wa manane ambapo simu ni chache, vipande upande mmoja vinachomolewa na upande mwingine unakatwa. Kazi ya miezi mingi inakamilika kwa dakika chache. Mtambo wa zamani hauvunjwi hadi mpya uthibitike. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Zipo simu ambazo hazikuchanganywa na za ofisini. Simu za kwenye vivuko na zile zilizo kwenye nguzo za ishara, ambazo dereva wa treni hutumia akisimamishwa na taa nyekundu, zilibaki na njia zao maalumu hadi kwa mwongoza treni. Sababu ni kwamba simu ya ofisini ikikuta njia imejaa, mpigaji anasubiri na kujaribu tena. Mkulima aliye na ng'ombe 40 getini hapaswi kukuta njia imejaa, wala kukosea namba na kumpata karani wa mishahara.

Siku simu haikupigwa

Uzito wa simu hizo ulionekana Januari 6, 1968 katika kijiji cha Hixon, Staffordshire. Gari refu lililobeba transfoma ya umeme yenye uzito wa tani 120 lilikuwa likivuka reli polepole kwenye kivuko chenye vizuizi vinavyojishusha vyenyewe. Pale pale kulikuwa na simu ya kumfikia mwongoza treni, na kibao kilichowataka madereva wa vyombo vizito wapige kabla ya kuvuka. Hakuna aliyepiga. Treni ya mwendo kasi kutoka Manchester kwenda London ilifika na kuligonga gari hilo, na watu 11 wakapoteza maisha.

Uchunguzi wa wazi uliofuata ulionyesha kwamba kuwepo kwa simu peke yake hakutoshi. Kibao hakikuwa cha kuonekana kwa urahisi, na wahusika hawakuwa wameelimishwa juu ya hatari iliyokuwapo. Tangu hapo mabango ya kuwataka wenye magari makubwa, yaendayo polepole au yenye mifugo wapige simu kwanza yaliwekwa wazi zaidi.

Ajali ya pili ilihusu nyaya za ishara, si za simu, lakini funzo lake liliwafikia mafundi wa pande zote mbili kwani ndani ya British Rail walikuwa chini ya idara moja. Desemba 12, 1988, karibu na kituo cha Clapham Junction jijini London, treni za abiria ziligongana asubuhi wafanyakazi wakielekea kazini. Watu 35 walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulibaini kuwa wakati wa kubadili nyaya za kale kwa mpya, waya mmoja wa zamani ulifunguliwa upande mmoja lakini haukukatwa wala kufungwa vizuri. Wiki mbili hivi baadaye uligusa mahali ulipotoka na kuifanya ishara ionyeshe njia ni wazi wakati kulikuwa na treni mbele. Fundi aliyehusika alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na hakuna mtu mwingine aliyekagua kazi yake ipasavyo. Baada ya hapo saa za kazi za mafundi wa aina hiyo ziliwekewa ukomo, na ukaguzi wa kila waya ukawa wa lazima na wa maandishi.

Kwa maneno mengine, hatari kubwa haikuwa kwenye mtambo wa kale wala kwenye mpya. Ilikuwa katikati, wakati wa kuhama.

Waya uliogeuka mali

Upande wa biashara nao una kisa chake. Njia ya reli ni ukanda mrefu wa ardhi yenye mmiliki mmoja, unaounganisha miji mikubwa. Anayetaka kulaza kebo kando yake hahitaji kubomoa barabara wala kujadiliana na wenye mashamba mmoja mmoja. Kampuni ya Mercury, iliyopewa leseni mwaka 1982 kushindana na BT, iliona hilo mapema. Ililaza nyuzi zake za kioo kando ya reli kuunganisha miji kama London, Bristol, Birmingham na Manchester.

Reli ilipobinafsishwa, kitengo cha simu cha British Rail kiliuzwa mwishoni mwa mwaka 1995 kwa kampuni ya Racal, kwa takriban pauni milioni 133. Racal ilikiwekea mtaji zaidi na kukitumia kuuza huduma kwa wateja wasiohusika na reli. Mwaka 1999, biashara ya intaneti ikiwa imepamba moto, iliiuza biashara yake ya mawasiliano kwa kampuni ya Global Crossing kwa takriban pauni bilioni 1. Hata hivyo, mnunuzi huyo naye hakudumu. Januari 2002 Global Crossing iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa imelemewa na madeni. Baadaye kampuni ya miundombinu ya reli, Network Rail, ililazimika kutumia fedha nyingi kujenga upya mtandao wake wa nyuzi pamoja na redio ya kidijitali kati ya madereva na waongoza treni.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. Nchini Japani, shirika la reli la taifa lilishiriki kuanzisha kampuni ya Japan Telecom mwaka 1984. India iliunda kampuni ya RailTel mwaka 2000 na serikali ikabaki mmiliki mkuu hata baada ya sehemu ya hisa kuuzwa kwa umma mwaka 2021. Nyuzi zile zile zinazoongoza treni zimetumika kupeleka intaneti kwenye maelfu ya vituo vya reli, vikiwemo vya vijijini.

Afrika Mashariki nayo

Waya wa kando ya reli una historia ndefu pia katika ukanda huu. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi kufika Kisumu mwaka 1901, waya wa telegrafu ulikwenda nayo sambamba. Katika nchi ya Wanandi waya huo ulikatwa mara kwa mara na kufanywa mapambo ya mwili, na wakoloni wakahangaika kuurudisha. Siku hizi waya unaokatwa huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 Serikali ya Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha kwa muda biashara hiyo kutokana na hujuma dhidi ya miundombinu.

Reli mpya za SGR, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa Mei 2017 na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza safari kamili Julai 2024, zilijengwa zikiwa na mawasiliano ya kisasa tangu mwanzo. Hazikuwa na mtambo wa kale wa kuhama. Lakini zina wajibu ule ule wa kulinda nyaya, kuandika kila kilichopo na kufikiria vyema kabla ya kuukabidhi waya kwa mtu mwingine.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, funzo halihitaji reli. Anayehama kutoka daftari kwenda kompyuta, au kutoka pampu ya dizeli kwenda ya umeme wa jua, atumie vyote viwili sambamba hadi kipya kizoeleke. Aandike kila anachobadilisha na amwite mtu wa pili akague. Asimtume fundi aliyechoka. Na kabla ya kuuza kitu kinachoonekana cha pembeni katika biashara yake, ajiulize mnunuzi ameona nini ndani yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huko Uingereza, mkulima wa kando ya reli bado ananyanyua simu na kuuliza kama kuna treni. Sauti yake sasa inaweza kusafiri kwa tarakimu ndani ya unywele wa kioo, lakini bado hasogezi ng'ombe hata mmoja mpaka ajibiwe.